Kizibo Ulichomwachia Mama Nyuma ya Boila

Shenandoah, Pennsylvania
Jumanne, 19 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Kazimir,

Salamu kwanza, maana Mama alitulea hivyo. Hujambo? Marlene hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo ameshapona jino? Huku hatujambo kiasi. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zote zimekuwa uji wa matope na majivu, na goti langu la kushoto linaniuma kila nikipanda ngazi za kanisa. Stanley mume wangu anakohoa lakini bado anavuta sigara zake. Haya, nimekusalimu. Sasa zima hiyo televisheni ukae unisome vizuri.

Boila la Mama, lile lile la makaa linalopasha nyumba nzima joto, lilichemka Alhamisi iliyopita nusura lipasuke, na aliyelifanya hivyo ni wewe. Nasema mapema ili usije ukafika ukurasa wa tatu ukidhani namsema mtu mwingine. Na kwa ajili ya hilo hilo Mama amekubali kuhama nyumba yake. Baada ya Pasaka anahamia kwa watawa, kwenye makao ya wazee pale juu kilimani. Nusu ya vyombo vyake viko kwenye makatoni hivi sasa ninapoandika.

Siku tano zote hizi kinyaa hakijanitoka, Kaz. Nikila naona kinyaa, nikioga naona kinyaa. Nimeandika barua hii mara mbili nikaichana, maana ya kwanza ilikuwa matusi matupu na ya pili Stanley aliisoma akasema mkuu wa posta ataikamata. Hii ya tatu nitajitahidi, lakini usitegemee adabu nyingi.

Basi sikiliza. Alhamisi ilikuwa siku ya joto, joto la huku lakini, watu walikuwa wamefungua makoti. Mchana nikampelekea Mama kabichi na tambi kama kawaida. Nafungua mlango wa nyuma, hewa ikanipiga usoni kama ya tanuri la mkate. Madirisha yote yamefunga mvuke, sanamu ya Mama Maria juu ya friji inatoka jasho. Na chini ya sakafu, ko! ko! ko! kama mtu aliyefungiwa anagonga kwa nyundo atolewe.

Mama yuko mezani, mikono yote unga, anajaza viazi kwenye pierogi za kuuza kanisani Ijumaa. Uso mwekundu, nywele zimemganda kwenye paji. Nikamwambia, “Mama! Husikii hiyo?”

Akasema, “Mabomba yanaongea tu. Kaa ule.”

Yanaongea! Kaz, nilishuka zile ngazi za chumba cha chini mbili mbili na goti langu bovu. Unajua harufu ya boila likipata joto kupita kiasi? Ni harufu ya rangi inayoungua, na mpira, na vumbi la miaka thelathini lililookwa. Nikajifunika pua kwa mkono. Kwenye maungio ya mabomba maji yalikuwa yanatoka matone, yakigusa chuma yanafanya tsss na kupotea. Nikatazama geji. Mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho, na mshale wa presha, ule ambao Baba alikuwa akisema ukifika kwenye alama nyekundu kimbia, ulikuwa umeipita alama nyekundu na kuiacha nyuma.

Na juu ya hilo boila, juu yake hasa, ukipima kwa kamba, ndipo ilipo meza ya jikoni na mama yetu amekaa anatengeneza pierogi.

Nikapanda kumpigia simu Onufer. Unamkumbuka Onufer, mkwewe Bi Theodosia, aliyekuwa akitengeneza maboila ya makaa ya mawe kwa wazee wote wa mtaa wa Mashariki? Bado yupo, bado ana mdomo mchafu. Nikamwambia presha imepita nyekundu. Akasema, “Sikiliza mama. Usimwage maji. Umenisikia? Ukimwaga maji kwenye ule moto nitakuja kukuokota kwa kijiko.”

Nikasema, “Sasa nifanye nini?”

“Funga mlango wa hewa wa chini. Chukua ndoo ya majivu, yote, mwaga juu ya makaa, uuzike huo moto. Halafu panda juu, pandisha vile vidude vya joto vya ukutani mpaka mwisho, vyote vitatu, ili pampu iyavute maji ya moto yasambae nyumba nzima. Fungua madirisha. Na huyo bibi mtoe nje.”

Nikazika moto. Majivu yalinirukia puani, mdomoni, ndani ya blauzi. Mpaka leo nikipenga kamasi ni nyeusi. Nikapandisha vidude, pampu ikaanza kunguruma, na Mama yuko pale pale mezani. Nikamwambia toka nje. Akasema ngoja kwanza nifunike unga usikauke. Nikamwambia Mama, nyumba inaweza kuruka! Akafunika unga kwa kitambaa, akatafuta skafu yake, akaifunga mbele ya kioo, ndipo akatoka. Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga kofi, Mungu anisamehe.

Onufer alifika baada ya dakika kumi na gari lake lile bovu. Mshale ulikuwa umeanza kushuka. Akasimama mbele ya boila, mikono kiunoni, akalitazama kama mtu anayemtazama mlevi aliyelala mlangoni kwake. Kwanza akadhani ni pampu imekufa. Akaishika, inatikisika vizuri. Akasema basi ni hewa imejaa kwenye mabomba. Akazunguka vyumba vyote akifungua vile vitundu vya rejeta, yale makasha ya chuma yanayopasha vyumba joto, yanatoka maji tu. Akasema basi bomba la moshi linavuta sana, akapanda kwenye kiti akachungulia, nalo halina neno.

Akakaa kwenye ngazi akavuta sigara. Akaniuliza, “Siku ya joto kama leo, nyumba ikishapata joto lake, vidude vinazima pampu. Sawa? Lakini makaa hayazimi. Makaa yanaendelea tu kuwaka, hayana habari. Sasa lile joto lililobaki linakwenda wapi?”

Nikamwambia mimi nitajuaje?

Akasema, “Marehemu baba yako alijua.” Akainuka, akaanza kupita rejeta moja moja akiziwekea kiganja. Sebuleni, moto. Chumbani kwa Mama, moto. Msalani, moto. Akafika chumba cha nyuma, kile ulicholala wewe Krismasi. Akaweka kiganja. Akakiondoa, akakiweka tena. Akaniita, “Njoo uguse.”

Baridi kama maiti, Kaz. Nyumba nzima inaungua na rejeta ile ni baridi.

Hapo ndipo Onufer aliponieleza, na wewe nakueleza kwa sababu kule kwenu jangwani mnafunga viyoyozi mkadhani mnajua kila kitu. Rejeta ile haitegemei pampu wala kidude cha ukutani. Maji ya moto hupanda yenyewe kwa bomba lile nene mpaka kwake, hupoa, hushuka. Baba aliiweka ili hata pampu ikizimika, hata umeme ukikatika, boila liwe na mahali pa kumwagia joto lake. Ndiyo maana aliing'oa kishikio tangu tukiwa wadogo, ili asitokee mwehu akaifunga. Wewe na mimi tumekua tukiiona ile rejeta haina kishikio na hatukuwahi kuuliza.

Sasa ina kishikio. Kipya, chekundu, kinang'aa. Na kimefungwa mpaka mwisho.

Nikamgeukia Mama. Alikuwa amesharudi ndani, amesimama mlangoni na skafu yake. Nikamuuliza nani kafunga hii. Akajibu bila hata kupepesa, “Mimi. Kwa ajili ya soseji.”

Ni kweli soseji za Pasaka zilikuwa zinaning'inia humo chumbani, kamba tatu nzima, ameshazifukiza. Unajua zinavyotaka chumba cha baridi. Miaka yote huwa anazitundika kwenye kibanda cha uani. Nikasema, na kishikio? Akasema alikinunua dukani. Nikamwamini. Ndicho kinachonichefua zaidi ya vyote, kwamba nilimwamini.

Nilimtukana mama yetu, Kaz, mbele ya Onufer. Nilimwambia amezeeka akili, nilimwambia anataka kuua mtaa mzima kwa ajili ya soseji, nilimwambia hafai tena kukaa peke yake na moto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, “Basi nipeleke kwa watawa. Umekuwa ukitaka siku nyingi.” Ijumaa asubuhi niliwapigia watawa mwenyewe. Sista Bonaventura akasema chumba kipo, aje wiki ya baada ya Pasaka. Nikaona nimefanya jambo la busara. Nikalala usingizi mzuri kabisa, mimi mjinga.

Lakini Onufer hakuwa ameridhika. Siku ile ya Alhamisi wakati anaondoka aliniambia, “Rejeta kufungwa ni kosa moja. Lakini presha ilipofika nyekundu, valvu ya usalama ilitakiwa ifunguke imwage. Sakafu yako ni kavu. Ile valvu imekufa, au kuna kitu.” Akasema boila lipoe kabisa, atakuja Jumamosi na mpya. Mama akahamia kwangu kwa siku hizo mbili, na pierogi zake zote.

Jumamosi nikamfungulia Onufer. Yeye chini, mimi juu nafuta majivu. Mara nikasikia tusi ambalo sijalisikia tangu Baba alipoangusha injini mguuni. Halafu akaniita, na hakuniita kwa mdomo mchafu, aliniita, “Bernadina, shuka mama,” kama vile kuna mtu kafa.

Unajua pale nyuma ya boila, bomba la valvu linaposhuka ukutani hadi karibu na sakafu? Gizani, pana buibui na kile kiatu kimoja cha mvua ambacho hatujui ni cha nani. Onufer alikuwa amelala ubavu, taa mkononi. Akanionyesha mdomo wa bomba. Ndani yake kuna kizibo cha chuma. Kimezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, safi, mizunguko mitatu, kikakazwa kwa spana mpaka pembe zake zimechubuka.

Mtu ameziba tundu la kutolea presha.

Onufer alitoka chini pale akaenda akasimama uani. Nilidhani anatapika. Aliporudi alikuwa mweupe, akasema, “Miaka arobaini. Nimeona waliofunga nyaya za umeme kwa plasta ya kidonda. Nimeona aliyechoma viatu kwenye boila. Hiki sijapata kukiona. Huyu aliyefanya hivi nikimkuta barabarani nitavuka upande wa pili.”

Nikasema kwa sauti ndogo, labda Mama.

Akanitazama. “Mama yako?” akasema. “Mama yako anaweza kufungua chupa ya matango?”

Hawezi, Kaz. Unajua hawezi. Vidole vyake vimepinda kama mizizi, mimi ndiye ninayemfungulia chupa za matango, na dawa, na kifuniko cha maziwa. Onufer mwenyewe, na mikono yake ile, alipachika bomba la futi tatu kwenye spana ndipo kizibo kikalegea.

Basi nikakaa kwenye ngazi, na yote yakajipanga mbele yangu. Krismasi umekuja, umelala chumba cha nyuma. Umezoea baridi ya mashine usiku kucha, hapa unatoka jasho. Unaona rejeta haina kishikio, unajisemea wazee hawa hawajui kitu, unakwenda dukani, unanunua kishikio, unafunga. Kesho yake valvu inaanza kudondosha maji, kwa sababu umeliziba boila pumzi na hiyo valvu inafanya kazi yake, inakuomba! Na wewe fundi mkubwa wa viyoyozi unaona sakafu imelowa, unasema kinavuja hiki, unakiziba. Unakaza kwa nguvu zako zote. Unanawa mikono, unakula soseji, unapanda ndege.

Na sikuombi unijibu kwamba hukujua. Najua hukujua. Mtu asiyejua anauliza! Onufer anakaa mitaa mitatu kutoka pale, simu iko ukutani jikoni. Yesu na Maria, Kaz, hata mimi nisiyejua kushika spana najua kwamba bomba lililowekwa wazi makusudi halizibwi. Ulimwekea mama yako bomu chini ya meza ya jikoni, ukamfungia vizuri kwa tepu.

Onufer alimaliza kazi jioni. Ameweka valvu mpya, na bomba lake linamwaga kwenye ndoo nyekundu iliyo mbele, si nyuma, ili hata kipofu aione ikidondosha. Rejeta ya nyuma ameifungua, na kishikio chako amekitupa mwenyewe kwenye pipa la majivu. Ametoa maji yote machafu ya zamani, meusi kama kahawa na yananuka mayai yaliyooza, akajaza mapya. Jumapili asubuhi akawasha moto, tukakaa muda wa saa tatu tunautazama mshale. Haukuikaribia nyekundu. Onufer alikataa hata kikombe cha chai, akasema hawezi kunywa kitu kwenye nyumba ile mpaka asahau.

Jumapili hiyo hiyo baada ya misa nikamleta Mama kufungasha. Nilikuwa nimeamua nitamwambia ukweli na nitafuta ile habari ya watawa. Alikuwa anafunga vikombe kwa karatasi za gazeti, kimoja kimoja. Nikamwambia, “Mama, acha. Najua si wewe. Ni Kaz aliyefunga rejeta, na ni Kaz aliyeziba valvu. Leo nakaa namwandikia.”

Hakuacha kufunga. Akasema, “Usimwandikie.”

Nikasema kwa nini nisimwandikie? Karibu akuue! Nikaanza kumweleza kile kizibo ni nini na kinaziba nini, polepole, kama mtu anavyomweleza mtoto. Akaniacha niseme, halafu akasema, “Najua kinaziba nini. Baba yako aliniambia kabla wewe hujazaliwa.”

Sikumwelewa. Nikamwambia, unajuaje kuna kizibo, mimi mwenyewe nimekiona jana?

Akasema, “Nilikuwa namshikia tochi.”

Kaz, nilikaa chini juu ya katoni la vikombe. Mama alikuwa pale. Ulilala ubavu nyuma ya boila na yeye amesimama nyuma yako amekushikia tochi, na alijua. Alijua unafanya nini kuliko ulivyojua wewe. Nikamuuliza, nikipiga kelele sasa, mbona hukumwambia?

Akasema, “Alikuwa anapiga mluzi. Miaka sita hajaja. Mchana wote alikaa chini na mimi, ananiuliza spana ya baba iko wapi, ananicheka. Nikimwambia amekosea angepanda juu akae sebuleni na kutazama saa yake. Unamjua alivyo akikosolewa. Nikasema akishaondoka nitakitoa.”

Ulipoondoka akashuka kukitoa, na vidole vile. Hakikusogea. Akajaribu kwa spana, spana ikamtoka ikampiga ule ugoko aliotudanganya kwamba aliteleza kwenye barafu mwezi wa kwanza. Akataka kumwita Onufer, akafikiria Onufer atauliza nani kafanya hivi, na Onufer akijua, kesho yake parokia nzima inajua. Akataka kuniita mimi. Nikamuuliza kwa nini hukuniita, nakaa dakika kumi, naja kila siku na chakula mkononi! Akasema, “Wewe ungemwandikia.”

Tangu Krismasi, Kaz. Karibu miezi mitatu. Kila asubuhi ameshuka akakoroga ule moto, akatia makaa, akatazama mshale, akapanda juu akakaa mezani juu yake. Siku za joto anatia makaa machache na kuomba rozari. Rejeta ya nyuma hakuweza kuifungua, uliikaza mno nayo, ndiyo maana akatundika soseji humo, ili akiulizwa awe na la kusema. Alhamisi aliposikia mabomba yanagonga alijua kabisa ni nini. Aliniambia nikae nile.

Na sasa alikuwa tayari kuacha nyumba aliyoolewa ndani yake, aitwe mzee asiye na akili mpaka kufa kwake, ilimradi jina lako lisitajwe. Nikamwambia Mama, sitaki kusikia, lazima ajue. Ndipo akaweka kikombe chini. Akasema, “Akijua ataona haya. Na akiona haya hatarudi tena.”

Ameniapisha nisikuandikie. Nimeapa, kwa msalaba, na hii hapa barua. Nitakwenda kuungama Jumamosi na Padre atanipa adhabu yake nitaitimiza.

Nimekuchukia tangu Jumamosi, ndugu yangu, na leo sijui hata hasira niielekeze wapi, maana sehemu yake inanirudia mimi. Mimi ninayekwenda kila siku ananiogopa. Wewe unayekuja kila baada ya miaka sita anakushikia tochi. Sijui nani kati yetu anatia kinyaa zaidi.

Sista Bonaventura nimemwambia asubiri. Atanishikia kile chumba hadi Jumatatu ya Pasaka, zaidi ya hapo hawezi. Mama anasema amekwishakubali kwenda na hageuzi neno, na mimi nikimbembeleza anaona namficha kitu. Hatanisikiliza mimi. Wewe atakusikiliza.

Kwa hiyo usinipigie simu, na usimtumie Mama kadi ya Pasaka yenye sungura. Njoo Pasaka. Njoo mwenyewe. Shuka naye chini, simama mbele ya lile boila, useme kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyeziba na ulikosea. Halafu usipande ndege. Kaa siku ile, na kesho yake, akuone umeshasema na bado upo mezani unakula.

Msalimu Marlene, mwambie nimepata picha za watoto. Wabusu watoto wote, na yule mdogo mbusu upande usiouma. Stanley anakusalimu. Shangazi Wanda anakusalimu, yeye hajui lolote na asijue. Onufer amesema hasa nisikupe salamu zake. Mungu akutunze njiani, akufikishe salama, na akupe moyo wa kushuka zile ngazi.

Dada yako ambaye bado anakupenda, ingawa wiki hii kwa taabu,

Bernadina